Flatpak, Snap au AppImage kwa steshenari inayoishi kwa bando?

Mwana_Isevya: Wakuu, nina kompyuta tatu za steshenari hapa Tabora, zote Ubuntu (Linux). Nataka matoleo mapya ya LibreOffice (hati), Inkscape (michoro) na GIMP (picha). Wateja wanaleta flashi zenye kila takataka, hivyo nataka programu zilizofungiwa, zisiguse mashine nzima. Intaneti ni bando la simu. Kati ya njia hizi tatu za kuweka programu, Flatpak, Snap na AppImage, nichukue ipi?

Ngosha_Nzega: AppImage mkuu. Faili moja, unaipa ruhusa, unabonyeza, kwisha. Unazungusha kwa flashi mashine zote. Ila Ubuntu 22.04 haiji na libfuse2, maktaba inayohitajiwa na AppImage nyingi; zitagoma hadi uiweke.

fundi_Ujiji: @Ngosha_Nzega jamaa kaomba uzio, wewe unampa kiwanja wazi! AppImage yenyewe haifungii chochote, inaendeshwa kwa haki zote za mtumiaji. Snap kwenye Ubuntu inafungiwa kwa AppArmor (ulinzi wa ndani ya Linux), Flatpak kwa bubblewrap (zana ya kuzungushia programu uzio).

Snap itakumaliza bando: snapd, huduma yake ya nyuma ya pazia, hutafuta masasisho mara nne kwa siku na kuyashusha yenyewe. `sudo snap refresh --hold` inaituliza. Halafu programu kadhaa za Snap hazioni flashi mpaka uzipe ruhusa ya removable-media, huku mteja anakutolea macho.

Kigoma huku natumia Flatpak. Programu ya kwanza inauma kwa sababu inavuta na rantaimu yake (mafaili ya pamoja ambayo programu huyategemea), mamia ya MB. GIMP na Inkscape zikitegemea rantaimu ya GNOME ya toleo lilelile, inashuka mara moja tu. Na usishushe mara tatu: `flatpak create-usb` inanakili programu na rantaimu kwenye flashi, mashine nyingine unaweka kwa `--sideload-repo`. Kwanza uipe Flathub (ghala la programu za Flatpak) collection-id, yaani kitambulisho, ya org.flathub.Stable, kila mashine.

dada_printa: Tusidanganyane lakini. LibreOffice ya Flathub inakuja na ruhusa ya kufikia mafaili yako yote, huo uzio una geti wazi. Weka Flatseal (programu ya kusimamia ruhusa za Flatpak), uzime ruhusa hiyo. Ukifungua hati, potali (kidirisha cha mfumo cha kuchagua faili) inaikabidhi programu faili hilo moja. Ukiizima kwenye Inkscape utaumia kidogo: picha zilizounganishwa na SVG (faili la mchoro) kutoka nje hazitaonekana.

Ngosha_Nzega: Virusi vingi vya flashi ni vya Windows jamani, mnamtisha bure 😂

dada_printa: Na hati za wateja waliotangulia zikisomwa na programu mbovu?

Mwana_Isevya: Hapo umenigusa, nina CV za watu kibao. Flatpak mashine mbili za wateja, ya kwangu ibaki na apt (njia ya kawaida ya Ubuntu). @fundi_Ujiji flashi ya GB 16 itatosha?

fundi_Ujiji: Inatosha, ila iformati ext4 (mfumo wa faili wa Linux). FAT32, uliozoeleka kwenye flashi, itakusumbua.