Makadirio ya elimu hadi 2060, Kenya na Tanzania: faili limerudishwa

Mama Neema aliandika:

Ndugu zangu, salaam. Chama chetu kiliomba ufadhili wa madarasa katika idara moja ya huku Ujerumani, na kipengele cha uhitaji kilitutaka tulinganishe elimu ya watu wazima wa nchi mbili jirani hadi mwaka 2060. Nilichukua makadirio ya Wittgenstein Centre, kituo cha utafiti wa idadi ya watu cha Vienna, kwa SSP2 (mojawapo ya njia za baadaye wanazozikadiria, ile ya mwenendo wa kati), nikaweka Kenya na Tanzania kwa kigezo cha sekondari ya juu. Faili limerudishwa, na tumeagizwa tueleze kwa nini nchi zilizopakana zinaachana kiasi hicho, Kenya ikiwa mbele. Je, aliyewahi kujaza fomu ya aina hii aliandika nini? Nibaki na sekondari ya juu au nihamie kwenye wastani wa miaka ya masomo?

Baba Amani:

Dada, kabla hujaeleza historia yoyote, tazama ISCED, mfumo wa UNESCO wa kupanga ngazi za elimu za nchi zote. Katika mfumo wa Kenya wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu), UNESCO huhesabu darasa la saba na la nane kuwa sekondari ya chini, na kidato cha kwanza hadi cha nne kuwa sekondari ya juu. Kwa Tanzania, miaka yote saba ni msingi, vidato vinne vya mwanzo ni sekondari ya chini, na ni kidato cha tano na cha sita tu vinavyoitwa sekondari ya juu. Kwa hiyo mwenye KCSE, cheti cha kidato cha nne cha Kenya, yumo katika safu unayoonyesha, lakini mwenye CSEE, cheti cha kidato cha nne cha Tanzania, aliyesoma mwaka mmoja tu pungufu, hayumo. Mke wangu ni Mtanzania, na tulipopeleka vyeti vyetu vikatathminiwe, chake kiliwekwa ngazi moja chini ya changu, na afisa hakuona kwamba hapo pana jambo la kuuliza.

Mzee Salum:

Kaka, hiyo ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki usiifiche nyuma ya ISCED. Azimio la Musoma la 1974 liliwapeleka watoto wa Tanzania darasa la saba kwa wingi, ilhali nafasi za sekondari zilibanwa kwa makusudi zilingane na mpango wa serikali wa ajira. Wakati huohuo, Wakenya walikuwa wakijijengea sekondari za harambee. Watu wa rika hilo wamo kwenye sensa hadi leo, na wataendelea kuivuta chini safu ya Tanzania kwa miaka mingi, hata baada ya shule za kata na kufutwa kwa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016. Wanaosema kwamba Mwalimu Nyerere alikosea wangejibu kwanza swali hili: bila msingi wa wote, hizo sekondari zingejazwa na nani?

Dada Rehema:

Mwalimu tumwache apumzike. Lililo muhimu ni jinsi hesabu yenyewe inavyokwenda. Mkadiriaji huwagawa watu wa mwaka wa mwanzo kwa umri, jinsia na elimu, kisha hulisogeza kila rika mbele miaka mitano mitano, akizingatia vifo, uzazi na uhamaji. Aliyefika umri wa miaka 35 bila sekondari huchukuliwa kuwa atabaki hivyo. Mwaka 2060, wote wenye miaka 60 na zaidi watakuwa watu waliozaliwa kufikia mwaka 2000, ambao shule yao imekwisha, ilhali wenye miaka 25 hadi 29 bado hawajazaliwa hata leo. Ukiwachanganya katika asilimia moja ya watu wazima, unachanganya historia na dhana. Na tafadhali, SSP2 ni dhana ya mwenendo wa kati, wala haina ahadi ya serikali yoyote. Hata SSP3, inayoviacha viwango vya uandikishaji vilipo, huonyesha elimu ya watu wazima ikipanda kwa muda, kwa sababu wazee wenye elimu ndogo hupungua. Jambo jingine: toleo la kwanza la makadirio hayo lilianzia mwaka 2010 na la pili mwaka 2015, hivyo Kenya ya toleo moja hailinganishwi na Tanzania ya jingine.

Baba Amani:

Hakuna aliyechanganya matoleo hapa, dada, kwa hiyo sijui unamkaripia nani. Nami naongeza kwamba wastani wa miaka hauondoi tatizo, maana msingi wa 8-4-4 unampa Mkenya miaka minane na Mtanzania saba, hata pale ambapo wote wawili wameishia hapohapo.

Dada Rehema:

Ndiyo sababu nataja umri. Mwenye kutaka kuona mwelekeo wa nchi hutazama wenye miaka 20 hadi 39 peke yao, kwa ngazi zote sita za elimu na si safu moja. Hata hivyo mageuzi yataleta vurugu mpya. Kenya ilianza kuuacha 8-4-4 na kuingia mfumo mpya wa 2-6-3-3-3 mwaka 2017, na toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania limefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Atakayemaliza msingi chini ya sera hiyo atahesabiwa miaka sita, pungufu ya mama yake aliyeishia darasa la saba, ingawa sheria itamtaka aendelee kwa minne mingine. Makadirio yaliyoanzia 2010 hayakuweza kuyajua hayo.

Mzee Salum:

Na hiyo miaka minne mingine itategemea walimu wa hisabati, ambao hakuna safu yao katika SSP yoyote.