Springi na breki za Land Rover Series III: nianze na zipi?

Ndugu mafundi, nina pikapu ya Land Rover Series III ya inchi 109 (kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ya mwaka 1978, ambayo bado ina springi za vyuma vingi na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Ikibeba magunia hutulia, lakini ikiwa tupu hurukaruka, na nikikanyaga breki huvuta kushoto. Je, nianze na springi za parabola au breki za diski?

Jibu la kwanza
Anza na breki, ndugu yangu, lakini ufungue dramu kabla ya kununua chochote, kwa sababu kuvuta upande mmoja mara nyingi husababishwa na silinda ya gurudumu iliyokwama au sili inayovujisha oili. Pia, dramu hizo hazijirekebishi zenyewe zinapolika, kwa hiyo huenda upande mmoja umekaza kuliko mwingine. Ukiamua kufunga diski mbele, weka pia busta (kifaa cha kuongeza nguvu ya mguu kwenye breki) na masta silinda (pampu kuu ya mafuta ya breki) inayozifaa, kwani ile ya dramu inaweza kubakiza presha itakayozifanya pedi zisugue diski muda wote.

Jibu la pili
Naafiki. Kuhusu springi, zile za parabola zina vyuma vichache visivyosuguana, ndiyo maana gari hulainika. Hata hivyo, msuguano wa vyuma vya springi za zamani ndio uliosaidia kutuliza mtikisiko, kwa hiyo shokapu nzuri ni za lazima. Chagua springi kulingana na mzigo wako, na kama gari litanyanyuka, hakikisha mipira ya kupitishia mafuta ya breki haivutiki ekseli inaposhuka.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Kesho nafungua dramu za mbele.