Nusu siku mashambani Uholanzi kwa gari la kukodi na dereva: twende wapi, na tukague nini?

Mfugaji wa Pongwe

Assalaam aleykum ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Tunasafiri watu wanne kutoka Tanga katikati ya mwezi wa nne. Amsterdam tunalala siku mbili tu, kwa hiyo tuna asubuhi moja ya kutembea. Tunataka gari na dereva wake, letu peke yetu, kwa saa nne au tano, tuone mashamba: ng'ombe, vinu vya upepo, na maua ikiwezekana. Sisi ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na kati yetu yuko mama wa miaka 71 anayetembelea mkongojo.

Wakala mmoja ametutumia ratiba yenye Zaanse Schans, Volendam, Marken, Giethoorn na Kinderdijk, yote kwa saa tano. Hii inawezekana kweli? Na tukague nini kabla hatujatuma pesa?

Bi Mkubwa Raskazone

Waaleykum salaam, marahaba mwanangu. Ratiba hiyo ikatae leo hii. Giethoorn iko kilomita kama 120 kaskazini-mashariki ya Amsterdam, saa moja na nusu kwenda tu. Kinderdijk iko karibu na Rotterdam, kilomita kama 100 kusini. Ni sawa na mtu akuahidi Lushoto na Bagamoyo kwa asubuhi moja ukitokea Tanga mjini. Kwa hizo mbili peke yake gari litazunguka saa nne na zaidi bila hata kusimama mpate maji ya kunywa. Mtaka yote hukosa yote.

Nusu siku ina upande mmoja tu wa kwenda. Nyinyi nendeni kaskazini, mkoa wa Noord-Holland, tena asubuhi. Watu wengi wanaishi Purmerend na Zaandam na wanafanya kazi Amsterdam, hivyo asubuhi foleni inaingia mjini wakati nyinyi mnatoka. Vituo navyo viko karibu karibu: Amsterdam hadi Volendam hakufiki Tanga hadi Muheza, na kutoka Volendam hadi Edam ni kilomita 3 tu.

Kituo cha kwanza iwe Beemster. Wakala wengi hawaiweki kwenye ratiba kwa sababu haina maduka ya zawadi, lakini kwa mfugaji hakuna mahali pazuri kuliko hapo. Lilikuwa ziwa. Walijenga tuta kulizunguka, wakachimba mfereji nje ya tuta, kisha vinu vya upepo zaidi ya 40 vikapandisha maji kutoka ziwani kuyamwaga kwenye mfereji huo. Mwaka 1610 kazi ilikuwa karibu kwisha, tuta la upande wa bahari likapasuka, ziwa likajaa tena, wakaanza upya. Lilikauka mwaka 1612. Ni hekta zaidi ya 7,000, chini ya usawa wa bahari kwa mita tatu na ushee, zimekatwa kwa mistari iliyonyooka kama vile mitaa ya Ngamiani. UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1999. Ardhi ya namna hii wao wanaiita polda.

Mwambieni dereva asimame juu ya tuta la mfereji unaoizunguka, asiwapitishe tu barabara ya katikati. Ukisimama pale, mkono mmoja una maji yenye mashua, mkono wa pili una majani na ng'ombe, na majani yako chini kuliko maji. Boti inapita juu ya kimo cha mgongo wa ng'ombe. Mama asishuke hata garini akichoka, anaona yote kwa dirishani.

Baada ya hapo shamba moja la ng'ombe, kisha Edam kwa mguu mfupi, kisha Volendam mle samaki, mrudi. Marken iacheni. Magari ya wageni yanaachwa kwenye maegesho ya kuingilia kijijini na bandarini mnakwenda kwa miguu, na mama yenu atachoka kabla hajaona kitu. Iliyokuwa inaifanya Marken iwe ngeni ni kwamba ilikuwa kisiwa mpaka 1957 walipoiunganisha kwa barabara ya tuta. Hiyo dereva anaweza kuwaeleza mkiwa Volendam, maana inaonekana kule ng'ambo ya maji.

Fundi Chumbageni

Bi Mkubwa amesema kweli, ila vinu vya upepo vilivyokausha Beemster havipo tena, kazi ya maji sasa ni ya mashine. Huyu ndugu ameomba vinu. Mpeleke Zaanse Schans bila kumtoa Beemster: ni dakika 25 hivi kutoka Amsterdam, na kutoka hapo hadi Beemster ni kama dakika 25 nyingine. Anachoacha ni Volendam.

Zaanse Schans wengine wanaidharau kwamba imepangwa kwa ajili ya wageni. Nyumba zile kweli zilihamishiwa pale kutoka sehemu nyingine za mto Zaan, kuanzia mwaka 1961. Lakini vinu vinafanya kazi: De Kat kinasaga rangi, Het Jonge Schaap kinapasua magogo kwa upepo, De Huisman ni cha haradali. Ingieni kimoja tu, na mimi ningechagua cha kupasulia mbao. Mnaona mzunguko wa mapanga unavyogeuzwa kuwa mwendo wa msumeno wa juu na chini kwa ekseli iliyopinda, ile ile kazi ya ekseli ya injini ya gari, ila hapa inaenda kinyume: badala ya kuzungushwa na mwendo wa juu na chini, yenyewe ikizunguka ndiyo inayoleta mwendo huo.

Mambo mawili. Ngazi za ndani ya vinu zimesimama kama ngazi ya kupandia mnazi, mama abaki chini. Na mabasi ya watalii huanza kumwagika kuanzia saa nne asubuhi, kwa hiyo fikeni kabla. Kama siku hiyo hakuna upepo, mapanga hayazunguki, basi msipoteze muda, pigeni picha muondoke.

Mama Shughuli

Mimi niongelee maua kwa ufupi. Katikati ya mwezi wa nne ndio wakati wake hasa, ila mashamba maarufu ya tulipu yako Lisse na Hillegom, kusini-magharibi ya Amsterdam, upande mwingine kabisa na Beemster. Bustani ya Keukenhof iko Lisse pia, inafunguliwa wiki nane hivi tu kwa mwaka, na yenyewe peke yake inakula nusu siku. Kwa hiyo ni maua au ng'ombe. Mkichagua maua, epukeni Jumamosi ya gwaride la maua, barabara za kule zinafungwa. Na mtu asiingie shambani kupiga picha. Viatu vinabeba magonjwa ya udongo kutoka shamba hadi shamba, na mkulima anachouza ni kitunguu cha tulipu kilicho ardhini, ua lenyewe hulikata kichwa ili nguvu ishuke kwenye kitunguu. Ndiyo maana unaweza kukuta shamba la kijani tupu wakati jana lilikuwa jekundu.

Msinunue vitunguu vya tulipu vya kuja kupanda Tanga. Tulipu inataka baridi ya miezi mitatu au zaidi ardhini ndipo itoe ua, na mimea ya kuingiza nchini inataka cheti cha afya ya mimea.

Kondakta Mstaafu

Kuhusu kukagua kabla ya kulipa. Gari lolote linalobeba abiria kwa pesa Uholanzi, teksi au gari la watalii la watu wasiozidi wanane, linatakiwa liwe na namba za gari za rangi ya bluu. Magari ya watu binafsi yana namba za njano. Ombeni picha ya gari ikionyesha namba. Wakiwatumia gari lenye namba ya njano, huyo ni mtu na gari lake, na siku ya ajali mtasumbuka na bima. Dereva naye anatakiwa awe na kadi yake, wanaiita *chauffeurskaart*, yenye picha.

Bei ni ya gari zima, si ya kichwa, kwa hiyo wanne mnagawana. Wakiwatajia bei ya mtu mmoja mmoja, huenda wanawachanganya na kundi jingine. Waandike wazi: saa ngapi, saa inaanza kuhesabiwa dereva anapofika hotelini au mnapopanda, kila nusu saa ya ziada ni kiasi gani, maegesho nani analipa, viingilio vimo au havimo, kodi imo au haimo. Hapo kwenye muda wa ziada ndipo watu wanapoumia, kwa sababu mtu mmoja amechelewa dukani dakika ishirini.

Jambo la mwisho: barabara za kando ya mifereji mjini Amsterdam ni nyembamba na za upande mmoja. Dereva hawezi kuwasubiri mlangoni huku baiskeli zimejaa nyuma yake. Shukeni mapema, mama awe amekaa mapokezi. Na mnapofungua mlango wa gari, tumieni mkono wa mbali na mlango, mwili ugeuke uone nyuma. Sisi Tanga tumezoea baiskeli, lakini hizi zinakuja kasi, na ile njia ya lami nyekundu ni yao, si pa kusimama.

Mfugaji wa Pongwe

Allah awalipe wote. Tumekubaliana tuache maua, twende ng'ombe. Bi Mkubwa, hilo shamba tunafika tu na kubisha hodi, au kuna utaratibu? Na jibini tunaweza kula, ni halali?

Daktari wa Mifugo Muheza

Naomba nijibu hili, maana hapa ndipo wafugaji wa kwetu wanapokwama.

Kwanza viatu. Huku kwetu ugonjwa wa miguu na midomo upo, kwao haupo. Ulipoingia mwaka 2001 waliua wanyama zaidi ya laki mbili kuuzima. Kwa hiyo msisafiri na viatu wala nguo mlizoingia nazo bandani Pongwe, hata kama mmefua. Nunueni viatu vipya au chukueni vya mjini ambavyo havijakanyaga zizi. Mkiweka miadi semeni wazi kwamba nyinyi ni wafugaji, mmetoka Tanzania, na siku ya mwisho kugusa ng'ombe ilikuwa lini. Mwenye shamba anaweza kuwataka mpitishe siku kadhaa au mvae mifuko ya miguuni na ovaroli zake. Akikataa kabisa msikasirike, ana haki. Mkificha na akajua, mnaharibia Watanzania wanaokuja baada yenu. Na msibebe maziwa, samli wala nyama kwenye mabegi, kuingiza vitu hivyo Ulaya kutoka kwetu ni marufuku hata vikiwa kidogo.

Pili, shamba lipi. Hodi ya ghafla haifai, pigeni simu au mwandikieni wiki moja kabla. Na ulizeni: wanakamua kwa roboti au kwa banda la kukamulia? Banda la kukamulia linafanya kazi alfajiri na jioni. Nyinyi mkifika saa nne na nusu mtakuta limeshaoshwa na ng'ombe wamelala. Roboti haina saa, ng'ombe anaingia mwenyewe akijisikia, kifaa kinasoma namba ya shingoni, kinasafisha chuchu, kinajifunga, na kama hajafikisha muda wake kinamfungulia aende. Teknolojia hiyo ilianza kutumika mashambani huko huko Uholanzi mwaka 1992. Simameni pale dakika kumi tu, mtaona ng'ombe mmoja hata wawili.

Ulizeni pia kama ng'ombe wameshatolewa nje. Majira ya baridi wanafungiwa, wanatoka masika, na katikati ya Aprili wengine bado wako ndani. Maziwa yanayouzwa kwa jina la *weidemelk* yanataka ng'ombe awe malishoni angalau siku 120 kwa mwaka, saa 6 kwa siku. Hilo ni swali zuri la kuanzia mazungumzo na mwenye shamba. Mwelezeni nanyi kwamba mradi wa maziwa wa Tanga wa miaka ya 1980 ulikuwa wa ushirikiano na Uholanzi. Atawafungulia milango.

Tatu, jibini. Maziwa hugandishwa kwa kimeng'enya, na kile cha asili hutoka tumboni mwa ndama. Jibini nyingi za Gouda na Edam za kienyeji hutumia hicho. Kwenye karatasi tafuteni neno *stremsel*, ndicho hicho kimeng'enya. Likitanguliwa na *microbieel* au *vegetarisch*, hakikutoka kwa mnyama. Lisiposema kitu, muulizeni muuzaji. Kilo moja ya jibini hula kama lita kumi za maziwa, kwa hiyo msishangae bei.

Bi Mkubwa Raskazone

Daktari, ahsante sana kwa hilo la viatu.

Mwanangu, sasa muda. Mwezi wa nne wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukimwandikia dereva, usitafsiri saa yetu kichwani ukiwa na haraka. Wapo walioandika saa 3 wakimaanisha saa tatu asubuhi, gari likaja alasiri. Andika hivi: 09:00.

Saa 3:00 asubuhi mtoke hotelini. Saa 3:30 Zaanse Schans, dakika arobaini. Saa 4:35 mko juu ya tuta la Beemster, dakika kumi na tano zinatosha. Saa 5:00 shambani, saa nzima. Saa 6:20 Edam, mama akae kahawani, nyinyi mzunguke nusu saa. Saa 7:30 mmerudi mjini. Adhuhuri huko wakati huo inaingia kama saa 7:40, mnaswali hotelini kwa utulivu. Hiyo ni saa nne na nusu, lipieni tano, ile nusu ni ya madaraja: yakiinuliwa mashua ipite, magari yote yanasubiri.

Mama avae sweta na koti la kuzuia upepo hata jua likiwaka, kule juu ya tuta hakuna cha kuukinga. Na bebeni kadi ya benki inayofanya kazi nje, baadhi ya maduka hayapokei noti. Sarafu chache za choo tu, senti 50 hadi euro 1.