Naomba ushauri: kuchora Kibo (kilele cha Kilimanjaro) nje, na mwanga wa chumbani

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, najifunza kuchora kwa rangi nikitazama kitu chenyewe, si picha ya simu. Asubuhi Kibo huwa wazi, ila mara nyingi kufika saa nne mawingu yameshaifunika, na rangi yangu ya akriliki, inayokauka haraka, imekauka kwenye sahani kabla sijaukamata ule ubluu wa kivuli kwenye theluji. Rangi za mafuta zinachelewa kukauka, sawa, lakini kurudi na kanvasi mbichi juu ya bodaboda ni balaa. Nyie mnabebaje?

Halafu chumbani. Wazungu wanasisitiza dirisha la kaskazini, maana kwao jua haliingii moja kwa moja upande huo na mwanga haubadiliki sana. Huku kwetu, katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana liko hukohuko kaskazini! Nifunge pazia jeupe, au nihamie dirisha la kusini?