Mume hataki sindano, naomba ushauri

BintiWete: Assalaam alaykum. Mume wangu ana maradhi ya akili na sindano hataki tena. Vidonge vya haloperidol vikisagwa vikatiwa kwenye chai, vinafanya kazi?

MzeeForodhani: Waalaykum salaam. Angalieni kwanza isije ikawa ruhani. Pemba hiyo.

Kidonge: Mzee, tuache. Dada, usithubutu. Sindano ya mafuta hukaa mwilini wiki nyingi. Ukiongeza vidonge juu yake, shingo inakaza na macho yanapanda juu. Na mtu anayedhani analishwa sumu akiona unga chini ya kikombe, hatokula tena kwenu. Lakini mbona ghafla? Kuna jambo hujalisema.

BintiWete: Hakuna.

Kidonge: Lipo.

BintiWete: Haya. Alinipa talaka tatu usiku mmoja, huku anabishana na redio iliyozimwa. Mama mkwe anasema nishaachika, nitoke na watoto niwaache. Nishawapeleka Unguja kwa mama yangu. Msinilaumu, mdogo bado ananyonya.

UmmuSabra: Mke mwema husubiri. Siku hizi mnakimbilia kwa mama zenu.

Vuga_Mahakamani: Subira haimjibu kadhi. Talaka ya mtu asiye na akili wakati anaitamka haipiti, ila lazima ithibitishwe kuwa usiku ule akili haikuwapo. Tafuteni cheti cha daktari na shahidi aliyemuona na hiyo redio. Ukitaka kutoka, usikimbilie khului, yaani kujikomboa kwenye ndoa kwa kumlipa mume, ukarudisha mahari bure: kwa madhehebu ya Shafii wazimu wa mume ni sababu ya kuomba fasakhi, kadhi aivunje ndoa. Watoto wadogo hadhana, yaani kukaa nao na kuwalea, ni ya mama. Maradhi ya baba hayafuti nafaka yao, yaani matunzo, inatoka kwenye mali yake. Lakini usimfiche watoto. Akipata nafuu akashitaki, hilo ndilo litakalokuumiza.

MzeeForodhani: Redio iliyozimwa! Bora yeye, hasikii matangazo ya bando.

Pwani_Mchangani: Mnatungiwa hadithi. Kaachwa, yuko Unguja na watoto, sasa hiyo chai anamtilia nani?

UmmuSabra: Ehee!

BintiWete: Wifi yangu ndiye anayepika. Vidonge nishamwachia. Nilitaka atulie kabla hatujafika kwa kadhi.

Pwani_Mchangani: Hadithi inazidi kunoga. Sindano gani hiyo?

BintiWete: Fluphenazine, miligramu 25, kila wiki nne. Akishachomwa siku mbili tatu shingo inamwenda upande, mate yanamtoka, hawezi kukaa kitako. Ndipo alipoapa hatorudi.

Kidonge: Hii haitungwi. Basi anaikimbia shingo, na nyinyi mnamwita mkaidi. Alipewa benzhexol, dawa ya kulegeza hiyo shingo?

BintiWete: Sijapata kuiona.

Kidonge: Mpigie wifi sasa hivi, vidonge asivitie. Haloperidol inaleta shingo ileile. Kesho kaka yake ampeleke, amweleze daktari hayo ya shingo na mate kama ulivyoyaandika. Anaweza kumpa benzhexol, kumpunguzia kipimo au kumbadilishia dawa. Cheti mkiombe hapohapo, na tarehe ya ule usiku iandikwe.