Nina miaka 43, nataka kujifunza kuogelea niende Maziwe, mama hataki. Nishaurini

FundiWaNgamiani:
Habari za jioni wadau. Naandika humu maana nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani barabara ya 12, nina watoto wawili, nimeachika huu mwaka wa saba. Tanga nimezaliwa, bahari naiona kila nikishuka Raskazone lakini maji hayajawahi kunipita magoti. Sasa wenzangu wanne wa kikoba tumepanga kwenda kisiwa cha Maziwe kule Pangani, tukae chini ya mivinje, tuangalie samaki kwa zile miwani za majini, na mimi safari hii nataka niingie majini, sitaki kubaki kwenye boti nalinda mikoba ya watu. Shida ni mama. Nikigusia tu habari za bahari ananyamaza anaingia ndani. Nijifunze kimyakimya au nisubiri ridhaa yake? Jamani usingizi sipati.

KijanaWaChuda:
Waja leo waondoka leo 😂 Bibie 43 bado mbichi kabisa, mwalimu ukikosa nipo, ada yangu changu mmoja wa kuchoma na ndimu.

UstadhMpole:
Dada yangu, safari bila radhi ya mzazi haina baraka. Halafu Raskazone pale wanaume tele, utaingia majini umevaa nini? Hilo umeliruka.

MamaMachungwa:
Shoga usiwasikilize. Mimi nimejifunza pikipiki nina miaka 51, hapa Muheza, msimu wa machungwa nilikuwa nalipa bodaboda kila gunia mpaka faida yote inaishia barabarani, nikamwambia kijana wangu nifundishe, nikaanguka mara tatu kwenye mchanga, goti hili mpaka leo likiona baridi linanikumbusha, majirani wakasema bibi kapata wazimu, sasa hao hao wananigongea usiku niwapeleke wagonjwa wao hospitali. Kajifunze!

NahodhaMstaafu:
Mama wa pwani haogopi bahari bure. Kwanini ananyamaza?

FundiWaNgamiani:
Ustadh, anayenifundisha ni mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi, naye alijifunza ukubwani. Ndiyo, nimeshaanza, nimekwenda mara tano, alfajiri kabla sijafungua duka. Siku ya kwanza niliingia na dera, likajaa hewa likapanda juu kama puto, halafu likanifunika uso, nikanywa maji ya chumvi mpaka machozi. Nikarudi nikashona vazi langu mwenyewe, kitambaa kile kinachovutika, suruali mpaka kwenye kifundo, mikono mirefu, kilemba kimeungwa humo humo na lastiki kwenye pindo lisipande. Hakuna kinachoonekana zaidi ya uso na viganja. Na Nungwi kule wapo wanawake waliofundishwa kuogelea wamevaa hivyo hivyo na dini yao iko palepale. Hela ya boti nayo nimeshatoa nusu, siwezi kuwaangusha wenzangu.

UstadhMpole:
Kwa hiyo umeshaamua, hapa umekuja kutafuta wa kukupigia makofi.

NahodhaMstaafu:
Sijajibiwa. Mama ananyamaza kwanini?

FundiWaNgamiani:
Baba Nahodha, sikutaka kuliandika. Dada yangu aliolewa Wete, Pemba. Mwaka 2011 alikuja kula Idi na sisi, wakati wa kurudi mama akamwambia apande jahazi hapa hapa Tanga kwa nahodha tunayemjua. Mimi ndo niliyekataa. Nikasema jahazi hatari, apitie Dar, avuke Unguja, apande meli kubwa. Ni ile meli iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba huko mkondo wa Nungwi, ikienda Pemba. Kuna waliookoka kwa kushikilia magodoro mpaka kukakucha. Dada yangu hata kuelea hakujua, wala mimi. Mama hajanilaumu hata neno moja miaka yote hii. Bora angenilaumu.

MamaMachungwa:
Pole mwaya. Pole sana.

MkweliDaima:
Samahani ila huu uzi wa kutunga. Maziwe mimi nimefika. Hakuna mvinje hata mmoja, ni mchanga mtupu, maji yakijaa kisiwa chote kinafunikwa, ukitaka kivuli unabeba mwavuli wako. Mtu aliyelipia boti hajaambiwa hilo? Halafu msiba unakuja baada ya kubanwa. Tumezoea humu.

KijanaWaChuda:
Aisee kweli, mivinje katoa wapi? Mimi naomba kurudisha utani wangu kwanza.

NahodhaMstaafu:
Mkweli, wewe umefika juzi. Miaka ya 70 mivinje ilikuwepo na kasa walipanda kutaga chini yake, ndiyo maana serikali ikakifanya hifadhi mwaka 1975. Bahari ikala mchanga, miti ikaanguka yote. Siku hizi kasa wakitaga pale mayai yanahamishiwa Ushongo, yasifunikwe na maji. Anayekumbuka mivinje ni mtu mzima wa Pangani.

FundiWaNgamiani:
Mama ni wa Pangani. Habari ya mivinje ni yake, alikuwa anatusimulia mimi na dada tukiwa wadogo, kwamba mjomba wake akiwachukua na ngalawa, wanapika wali kisiwani, wanaoga mpaka vidole vinakunjamana. Nilidhani ipo mpaka leo. Mkweli, sina cha kukuthibitishia, usiponiamini sawa.

MkweliDaima:
Hapo umenigusa dada. Nimekosa, nisamehe.

MamaMachungwa:
Subiri kwanza. Kumbe mama mwenyewe anajua kuogelea??

FundiWaNgamiani:
Ndo najiuliza tangu jana. Nilimuuliza kwani yeye alifundishwa na nani, akanyamaza kama kawaida. Leo asubuhi vazi langu nimelianika uani, siku zote nalificha chumbani. Kalishika, kavuta lastiki ya pindo mara mbili, akasema hii italegea, weka pana zaidi. Halafu akauliza hiyo safari yenu ni bamvua au maji mafu. Sikujua nimjibu nini.

NahodhaMstaafu:
Maji mafu ni siku maji hayapandi wala hayatoki sana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua. Maji yanatoka sana, mchanga wote unaonekana, lakini yakirudi yanarudi kwa nguvu, mkachelewa mtajikuta mnasimama majini. Muwe mmeondoka kabla hayajageuka. Kusi ikiwa kali msitoke kabisa, ngojeni kaskazi bahari itulie. Na wewe mara tano hazitoshi, jaketi la kuokolea livae tangu Pangani, usilivue hata wenzako wakicheka.

FundiWaNgamiani:
Asante baba. Mama yuko uani anachambua mchele, nakwenda kumuuliza kama siti moja ya boti tumuwekee.

KijanaWaChuda:
Uturudishie majibu bibie, tunakaa hapa hapa.