WAZAZI MTAANI – KIDATO CHA NNE

Mama Rehema 19:04
Assalamu alaikum wazazi. Tazameni picha hizo mbili. Barua rasmi, swali moja, mwalimu mmoja. Wangu 8/20, wa Mama Swabra 14/20. Jumamosi saa nne asubuhi twende shuleni. Nani yumo?

Mama Rehema 19:31
Naona mmesoma nyote. Nijibuni basi.

Baba Swaleh 19:33
Hapo mwalimu karusha shilingi 😂

Juma wa Duka 19:35
Umeme ulipotea akifika kwa Rehema 😂😂

Mama Rehema 19:36
Jamani, KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, iko mlangoni.

Mwl. Khadija 19:58
Nimezikuza picha. "Gari ilianguka" imepigiwa mistari miwili mara sita. Mistari miwili ni kosa la sarufi, mmoja ni hijai, yaani tahajia, lakini kosa lilelile huonyeshwa mara ya kwanza tu. Halafu pembeni kaandika "fupi". Si fupi. Rehema ana mwandiko mdogo, maneno tisa kwa mstari, na kwa mwandiko huo ukurasa mmoja na nusu ni insha kamili, kama maneno 400. Swabra anaandika matano kwa mstari ndiyo maana kajaza karibu kurasa tatu. Urefu wao ni mmoja.

Mama Rehema 19:59
SI NILISEMA

Mwl. Khadija 20:03
Ngoja. Barua ya Rehema haina anwani ya mwandikiwa, haina tarehe, haina KUH, ule mstari wa "kuhusu". Kukosa sura, yaani muundo wa barua, ni kuondolewa alama 4, na zimeandikwa pale chini, 12 toa 4. Hapo mwalimu ana haki. Ugomvi wenu ni wa alama mbili, si sita.

Mama Rehema 20:04
Hata mbili ni zetu.

Mama Swabra 20:41
Nani aliniuliza kabla ya kuweka karatasi ya mwanangu humu?

Baba Swaleh 20:42
Yale yale ya turubai

Mama Swabra 20:42
Turubai lilirudi limetoboka na hakuna aliyesema kitu.

Juma wa Duka 20:44
Turubai lipewe D- 😂

Mzee Omari 21:15
Wanangu. Iondoeni picha ya mtoto wa watu. Na msimwendee mwalimu na karatasi moja, mtamfanya ajitetee tu. Chukueni insha kumi, kwa idhini ya wenyewe, ficheni majina na alama, asahihishe mwalimu mwingine. Mkikuta tofauti ya alama moja au mbili, nyamazeni. Zikifika tano, mwoneni mkuu wa shule, kwa adabu.

Mama Rehema 21:17
Shikamoo mzee. Nimeifuta. Mama Swabra niwie radhi.

Mwl. Khadija 21:40
Mzee kasema. Ila msitoe kopi ya karatasi iliyokwisha sahihishwa. Wino mwekundu hutoka mweusi, na huyo wa pili atafuata alama za mwenzake. Watoto wanakili upya kwa mkono, na makosa yao yote, idadi ileile ya maneno kwa mstari. Msahihishaji asome zote kwanza azipange mafungu manne: A 16–20, B 11–15, C 6–10, D 1–5. Namba baadaye. Akianza na namba, insha ya wastani ikifuata nzuri sana itaonekana mbovu, ikifuata mbovu itapaa.

Juma wa Duka 21:44
Wangu umwambie anakili na makosa? Atarekebisha njiani apate A 😂

Mwl. Khadija 21:45
Basi akae na mtu mzima mezani. Juma nasema kweli, akirekebisha moja tu kipimo kimeharibika.

Mama Rehema 21:50
Nani analeta? Nani anamjua mwalimu wa shule nyingine?

Mama Rehema 22:20
?

Baba Swaleh 06:48
Jumamosi kuna arusi kwa Bi Nuru. Labda Jumapili.

Mama Rehema 06:50
Jumapili mkuu wa shule hayupo. Na mpaka sasa nina insha tatu.

Mama Swabra 07:35
Ya Swabra nitaileta mwenyewe. Msiipige picha.